Vitabu 20 Ndani ya Katoni: Kisa cha Baba, Mwana na Binti

Baba mmoja aliingia katika maktaba ya watoto ninayoisimamia akiwa amekumbatia katoni, nyuma yake wakifuata watoto wawili: mvulana wa miaka 9 na binti wa miaka 14. Aliitua mezani kwangu kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu.

"Mwalimu," akasema, "hivi nilivinunua miezi saba iliyopita. Hawa hawavigusi. Niambie, kasoro iko kwenye vitabu au kwa watoto?"

Nikamjibu kwamba kuna mtu wa tatu amemsahau kwenye hesabu hiyo. Alicheka, ila si sana.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu makosa yake si ya uzembe. Baba huyu alitenga muda na fedha, akasoma majalada ya nyuma, akauliza wauzaji. Mzazi asiyejali hapatwi na mkasa wa namna hii, maana hana katoni ya kubeba.

Kilichokuwamo

Tulivipanga mezani kimoja kimoja. Vya mvulana vilikuwa 11: riwaya mashuhuri nne zilizofupishwa kwa ajili ya watoto, kamusi ya picha, ensaiklopidia, vitabu vitatu vya mazoezi ya hesabu na viwili vya hadithi za wanyama zenye mafunzo. Vya binti vilikuwa tisa: wasifu wa watu mashuhuri vitatu, vitabu viwili vya maadili kwa wasichana, riwaya mbili, kimoja cha mbinu za kufaulu mitihani na kimoja cha sayansi ya mwili wa binadamu.

Vingi vilikuwa vipya kiasi kwamba kurasa bado zimeshikana. Dalili za kusomwa zilikuwa mbili tu. Ensaiklopidia ilikuwa imechakaa sehemu moja, kwenye kurasa za wadudu. Na riwaya mojawapo ya binti ilikuwa na kipande cha karatasi kwenye ukurasa wa 31.

Dalili hizo mbili zilinipa kazi kuliko vitabu 18 vilivyobaki. Watu wakija na malalamiko kwamba mtoto hasomi, huanza kuchunguza vile alivyovikataa. Mimi huanza na kile alichokifungua, hata kama alikifungua mara moja tu, maana hapo ndipo mtoto alipotia saini yake.

Nilimuuliza baba alivichaguaje. Akanieleza bila kuficha: aliangalia umri ulioandikwa nyuma, akapendelea vinene kwa kuwa vina mambo mengi, na akahakikisha kila kitabu kina funzo. Kuhusu zile riwaya nne akasita kidogo, kisha akasema, "Hizi nilizitamani mimi nikiwa na umri wao. Sikuzipata."

Hapo kisa kilikuwa kimeshajieleza nusu. Katoni ile ilikuwa na watoto wawili wa kufikirika: mvulana aliyekuwa baba mwenyewe miaka mingi iliyopita, na binti ambaye baba anatumaini kumwona akiwa mtu mzima. Waliosimama mbele yangu hawakuwa wamenunuliwa kitu.

Tuumalize kwanza huo umri wa nyuma ya jalada. Ni makisio ya mchapishaji kuhusu mtoto wa wastani, na mtoto wa wastani hajawahi kuingia maktaba yoyote. Wachapishaji wa Uingereza walipotangaza mwaka 2008 kwamba wangechapa umri kwenye vitabu vya watoto, waandishi wengi walipinga hadharani, Philip Pullman akiwa mstari wa mbele. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: namba hiyo humwaibisha mkubwa anayesoma polepole, na humfungia mlango mdogo anayesoma haraka. Mimi siichukii. Naitumia kama ninavyotumia saizi iliyoandikwa kwenye nguo: lazima mtu aivae kwanza.

Mvulana aliyesoma kama maji

Nilimpa mvulana mojawapo ya zile riwaya zilizofupishwa, nikamwambia, "Haya mwanangu, nisomee ukurasa mmoja." Akasoma. Hakukwama hata mara moja, sauti safi, nukta na mkato vyote mahali pake. Baba akanitazama kwa fahari, kama anayesema: unaona, uwezo anao, tatizo ni uvivu.

Nikakifunga kitabu. Nikamuuliza, ndani ya chumba kile walikuwa watu wangapi, na kwa nini mmoja alikuwa ameficha barua? Mtoto akakodoa macho. "Kuna mtu... anaogopa?"

Hapa kuna mtego ambao lugha yetu inautega, na wazazi wengi hunasa. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kulitamka neno lolote bila kulijua: atasoma "ghaidhi," "mlahaka" na "taharuki" bila ulimi kuteleza, kichwani pakiwa patupu. Katika Kiingereza, neno geni mara nyingi humkwamisha msomaji, na mzazi anasikia. Kwetu hasikii kitu.

Ndiyo maana ile kanuni ya vidole vitano inayofundishwa sehemu nyingi huhitaji marekebisho. Kanuni inasema: mtoto afungue ukurasa wowote, kila neno gumu anyanyue kidole, vikifika vitano, kitabu ni kizito kwa kusoma peke yake. Wazo lenyewe lina mizizi mirefu. Mmarekani Emmett Betts, mtaalamu wa ufundishaji wa kusoma, katika kitabu chake cha mwaka 1946, alipendekeza kwamba matini ya kusoma peke yako ni ile unayotambua maneno 99 kati ya 100, na ukishuka chini ya 90 unataabika tu. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, "neno gumu" lisimaanishe lililomkwamisha kutamka. Limaanishe lile asiloweza kukueleza. Niliporudia ukurasa uleule kwa masharti hayo, mvulana alinyanyua vidole vinne kabla ya aya ya kwanza kwisha. Kufika katikati ya ukurasa vilikuwa saba, na ilibidi aazime mkono wa pili.

Bado sikujua ugonjwa ni upi. Nikafanya jambo jingine dogo ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya nyumbani: nikausoma ukurasa uliofuata mimi mwenyewe kwa sauti, yeye akisikiliza tu. Kisha nikauliza maswali. Hakuelewa vilevile.

Jibu hilo lina thamani kubwa. Mwaka 1986, watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa unachosoma ni zao la mambo mawili: kuyafasiri maandishi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe. Walisema zao, yaani kuzidisha, wala si kujumlisha, na hapo ndipo uzito ulipo. Ukikifasiri kila kitu kikamilifu, tuseme 1, lakini ukaielewa lugha ya matini hiyo kwa 0.3, unabaki na 0.3. Hakuna wema wa upande mmoja unaofidia ufukara wa upande wa pili. Mtoto anayeelewa anaposomewa lakini haelewi anaposoma mwenyewe anahitaji kuzoea maandishi. Huyu wetu maandishi aliyamaliza zamani. Alichopungukiwa ni maneno, na ujuzi wa mambo ambayo maneno hayo yanasimulia. Kumnunulia vitabu zaidi "vya kujifunza kusoma" kungekuwa kumpa dawa ya macho mtu mwenye homa.

Tena zile riwaya zilizofupishwa zina kasoro yake ambayo jalada haliisemi. Watu hudhani kufupisha ni kurahisisha. Mara nyingi mfupishaji huondoa mazungumzo, maelezo ya mahali na vichekesho, akabakiza matukio yaliyobanwa: sentensi moja inabeba safari, kifo na urithi. Mtu mzima aliyekwisha kuisikia hadithi anaifurahia. Mtoto anakabidhiwa mifupa. Kati ya nne, moja tu ilikuwa imebakiziwa mazungumzo ya kutosha, na hiyo tuliiweka kando.

Mfalme wa nyuki

Nikageukia ile sehemu iliyochakaa ya ensaiklopidia. "Hapa ulikuwa unatafuta nini?"

Mvulana aliyekuwa hajui watu wangapi wamo chumbani akaanza kunifundisha. Kwamba nyuki vibarua wote ni majike. Kwamba madume hawatafuti chakula. Kwamba nyuki akipata maua hurudi mzingani akacheza, na ngoma yake huwaonyesha wenzake upande wa kwenda na umbali. Hili la mwisho ndilo mwanasayansi Karl von Frisch alilolichunguza kwa miaka mingi hadi akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, na mtoto wa miaka 9 alinieleza kwa mikono na kiuno, akizunguka meza yangu.

Kisha akachomoa kimoja cha vile vitabu viwili vya hadithi za wanyama. "Hiki nilikiacha hapa, mwalimu." Alikuwa amefika pale mfalme wa nyuki anapowatuma wanawe wa kiume wakatafute asali, ili wajifunze faida ya bidii. "Hakuna mfalme. Ni malkia. Na madume hawafanyi kazi hiyo."

Baba akasema ni hadithi tu, mwanangu, lililo muhimu ni funzo. Nami nikamtetea mtoto. Katika hadithi, sungura akizungumza hakuna anayelalamika, kwa kuwa msimulizi na msikilizaji wamekubaliana hivyo tangu mwanzo. Ila mwandishi huyu hakuwa amebuni mfalme kwa makusudi. Hakujua tu. Mtoto alihisi tofauti kati ya ubunifu na uvivu, akafunga kitabu. Sina ugomvi na uamuzi wake.

Nilimpa kitabu cha nyuki kutoka kwenye rafu yangu, chenye maneno ambayo kwa kipimo cha vidole yangemshinda: chavua, mbochi, buu, masega. Akasoma kurasa tatu akanieleza zote. Kijana yuleyule, saa ileile. Jambo hili limewahi kuonyeshwa vizuri na watafiti Donna Recht na Lauren Leslie mwaka 1988. Waliwapa wanafunzi 64 simulizi kuhusu mchezo wa besiboli, wakakuta wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliikumbuka vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kiwango cha kusoma si namba moja anayotembea nayo mtoto kama urefu wake. Hupanda na kushuka kutegemea kitabu kinahusu nini.

Kwa hiyo kwa mtoto kama huyu, kitabu cha maarifa ndicho mlango, na hadithi ni chumba cha ndani. Wazazi wengi hufikiri kinyume: hadithi ni tamu, zitamvuta, maarifa yatafuata. Kwa wengine ni kweli. Kwa huyu haikuwa.

Vitabu vya maarifa navyo vina upimaji wake, na ni mkali kuliko wa hadithi, kwa sababu mtoto huviamini. Huwa naanza na ukurasa wa sayari. Ukikuta sayari tisa na Pluto imo, kitabu kiliandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha ya sayari, au kimechapwa upya bila mtu kukipitia. Hilo la pili ndilo baya. Kisha natafuta picha ya ulimi uliogawanywa vipande, utamu mbele, uchungu nyuma. Ule mchoro ni kosa la zamani, kwani ladha zote huhisiwa pande zote za ulimi, lakini umeendelea kunakiliwa kitabu hadi kitabu. Nikiukuta, najua mwandishi alinakili na hakuuliza. Mwisho naangalia kama kuna faharasa nyuma, yaani orodha ya mada na kurasa zake. Kitabu cha maarifa kisicho na faharasa kinamtaka mtoto asome kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtoto anayesoma ensaiklopidia hivyo.

Ensaiklopidia ya baba ilikuwa na sayari tisa. Aliponiona nikitikisa kichwa akataka kuitupa. Nikamzuia. Tulikata karatasi, mvulana akaandika marekebisho kwa mkono wake, akaibandika juu ya Pluto. Nadhani ukurasa ule umemfundisha kuhusu vitabu kuliko kurasa nyingine zote.

Binti

Nilimwomba baba akazunguke kwenye rafu. Binti wa miaka 14 hawezi kusema kweli kuhusu vitabu mbele ya mtu aliyevilipia.

Yeye alikuwa anasoma sana. Kila usiku, kwenye simu: hadithi za mfululizo, sura mia na zaidi, nyingine zimeandikwa ovyo, nyingine si mbaya. "Baba anasema hiyo si kusoma." Kuhusu vile vitabu viwili vya maadili alisema sentensi ambayo nimeshawasimulia wenzangu kadhaa: "Vinaniambia nisifanye nini. Sijafanya."

Ukurasa wa 31 ulikuwa na maelezo mepesi kabisa. Shujaa wa riwaya ile ana miaka 11. Watoto kwa kawaida hupenda kusoma kuhusu wanaowazidi kidogo, kwa kuwa wanachungulia mbele. Mtoto wa miaka 11 ataifurahia riwaya ile. Wa miaka 14 anaona kama amerudishwa darasa.

Hapa nilikosea mimi. Nilijua kutoka kwa baba kwamba walikuwa wamehama mwaka uleule na binti amepoteza marafiki. Nikampa riwaya ya msichana aliyehama na kupoteza marafiki, nikijiona hodari. Akairudisha baada ya siku mbili. "Ni kama kunitazama mimi tu. Nilitaka kutoka." Rudine Sims Bishop, msomi wa vitabu vya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha: kimoja kinakuonyesha ulivyo, kingine kinakuonyesha wengine, na mara nyingine dirisha ni mlango wa kioo unaopitika. Niliyakumbuka maneno hayo nikachagua kioo bila kumuuliza kama anataka kujitazama. Mtu mwenye huzuni si lazima awe anatafuta kioo.

Nikaanza upya na swali nililopaswa kuanza nalo: kwenye simu, hadithi ipi ulishindwa kuiacha? Ilikuwa ya upelelezi, mtu amekufa na kila aliyemo nyumbani ana sababu. Nikampa riwaya mbili za upelelezi.

Kwa baba nilikuwa na kazi nyingine. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Nilimtajia tatu: haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza na haki ya kusoma upya. Ya kutomaliza ilimuuma, kwani alilipia kitabu kizima. Pia nilimwomba aache kuuliza "Umejifunza nini?" kila hadithi inapokwisha. Louise Rosenblatt, msomi wa fasihi, aliwahi kutofautisha kusoma ili uondoke na kitu mkononi, na kusoma ili uyaishi yaliyomo. Swali la baba linageuza kila usomaji wa aina ya pili kuwa wa kwanza. Mtoto anayejua kwamba mwisho wa hadithi kuna mtihani husoma kama anayetafuta jibu. Akauliza, basi nimuulize nini? Nikamwambia asiulize. Amweleze mtoto pale ambapo yeye baba alipapenda.

Baada ya miezi minne

Tulibakiza vitabu sita mahali vinapoonekana, majalada yakitazama mbele, si migongo. Vingine vilirudi ndani ya katoni kusubiri. Utaratibu wa kuchagua ukawa: mtoto anachukua viwili, baba anapendekeza kimoja, na cha baba hakina sharti la kusomwa. Ile riwaya yenye mazungumzo, baba anamsomea mvulana kwa sauti dakika 15 usiku, akieleza neno moja au mawili kwa ukurasa, si zaidi, maana hadithi inayosimama kila mstari hufa. Nyingine tatu zilizofupishwa baba anazisoma mwenyewe.

Mvulana amesoma kitabu cha nyuki mara tatu na kuhamia kwenye buibui. Hadithi bado hasomi peke yake, anasikiliza. Nilimpima kwa ukurasa mwingine wa riwaya ileile ya siku ya kwanza, vidole vikaishia vitatu. Ni ukurasa mmoja tu, siwezi kujenga nyumba juu yake. Mazoezi ya hesabu hayajaguswa, nami sikutegemea yaguswe, kwa kuwa yale ni kazi ya darasani iliyovaa jalada la kitabu.

Binti alimaliza riwaya zote mbili. Katika ya pili kulikuwa na sumu, na kwa sababu ya sumu alikwenda mwenyewe kwenye katoni akatoa kile kitabu cha sayansi ya mwili, sura ya damu. Baba alinipigia simu kuniambia hilo kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Vitabu viwili vya maadili vimebaki vilivyo.

Tumebaki na jambo moja ambalo hatujakubaliana. Binti aliomba riwaya ya tatu, ya mwandishi yuleyule, na baba akaisoma kwanza, jambo nililomshauri mimi. Hakuipenda sura ya 9: kuna baba mlevi, kuna kipigo. Mimi niliona mwandishi ameyaeleza maumivu bila kuyapamba, na kwa umri wake inafaa. Kwangu swali si kama jambo gumu limo kitabuni, ni linaachwa vipi mikononi mwa msomaji. Yeye aliona bado. Mtoto ni wake, sikubishana sana. Baada ya wiki moja aliamua kumpa, kwa sharti: "Ukifika sura ya 9, njoo tuizungumze."

Binti alianza na sura ya 9.